Mwiteni Dada Yake: kisa cha mtoto wa awali, choo na kopo la maji

Kisa hiki kilitokea katika shule ya msingi ya serikali, kwenye mji mmoja wa mwambao wa Tanzania. Majina nimeyabadili, na mambo ambayo yangemtambulisha mtoto au familia yake nimeyaondoa au kuyageuza. Mama mwenye mtoto nilimsomea yote kabla sijamwonyesha mtu mwingine. Alinisahihisha sehemu mbili, akaniruhusu. Mtoto nitamwita Bahati. Dada yake ni Zawadi, na mama yao ni Mama Zawadi kama desturi ilivyo. Mimi nilikuwa mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu mwaka huo, kwa hiyo makosa kadhaa yaliyomo humu ni ya mkono wangu.

## Usuli

Bahati aliletwa shule Januari, akikaribia miaka sita. Hospitali ilikwisha kusema ana usonji (autism). Maneno aliyoyatamka hayakuzidi kumi, na nusu yake yalikuwa majina ya vyakula. Alipenda kuzungusha vifuniko vya chupa sakafuni, aliziba masikio kengele ikigongwa, na hakutaka kushikwa kabla hajauona mkono unatokea wapi. Chini ya kaptula ya sare alivaa pampasi.

Kitengo kilikuwa na watoto 14 na walimu wawili, mimi na mwenzangu mmoja wa kiume. Mlezi, yaani mtu wa kuwahudumia watoto, hatukuwa naye. Tangu elimumsingi iwe bila ada mwaka 2016, watoto wameongezeka haraka kuliko matundu ya vyoo. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Sisi tulikuwa mbali na hesabu hiyo. Mapumziko ya saa nne foleni ya wavulana ilizunguka ukuta mpaka chini ya mwembe.

Choo cha watoto wenye ulemavu tulikuwa nacho. Kilijengwa na wafadhili miaka ya nyuma: mlango mpana, mteremko wa zege, vyuma vya kushikia ukutani, dirisha la kutosha mwanga. Kilifungwa kwa kufuli. Ndani mlihifadhiwa mafagio, majembe na madawati mabovu matatu. Ufunguo alikaa nao mwalimu wa zamu, na zamu hubadilika kila wiki.

Nyumbani, baba ni mvuvi, hulala baharini siku nyingi za mwezi. Mama huamka saa tisa usiku kukanda unga, asubuhi anauza maandazi na chai barazani. Pampasi alinunua moja moja dukani, siku akijaliwa. Siku asipojaliwa, alimfunga Bahati kipande cha kanga kuukuu chini ya kaptula.

Zawadi alikuwa darasa la nne, shule hiyohiyo. Miaka kumi.

## Mambo yalivyokwenda

Hakuna kikao kilichokaa kikaamua kwamba Zawadi ndiye atakayemsafisha mdogo wake. Wiki ya kwanza harufu ilipotanda darasani, mmoja wetu alisema, "Mwiteni dada yake." Sina hakika kama ni mimi au mwenzangu. Mtoto mmoja alitumwa mbio darasa la nne, Zawadi akaja, akamshika Bahati mkono, akampeleka nyuma ya jengo penye simtanki, akamchamba kwa kopo, akasuuza kaptula na kuianika kwenye ua. Alifanya vizuri na kimya kimya. Ndiyo maana kesho yake aliitwa tena, na keshokutwa. Kufikia Februari aliitwa mara mbili hadi nne kwa siku, na sisi tulikwisha kuona ni jambo la kawaida.

Katikati ya Machi mwalimu wa darasa la nne alinijia na madaftari ya Zawadi. Hisabati ilikuwa na kurasa zilizoanzwa bila kumaliziwa. Akaniambia, "Mwalimu, huyu mtoto kwenye mahudhurio yupo kila siku. Darasani simwoni." Mwaka huo Zawadi alikuwa na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Nilianza kujitetea kuhusu watoto 14 na walimu wawili, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimemtuma mtu kumwita asubuhi hiyohiyo.

Aibu hiyo ilinisukuma kufanya jambo la haraka, na la haraka likawa baya. Niliamua Bahati apelekwe chooni kila saa, kwenye vyoo vya wavulana, apende asipende. Siku ya kwanza alifika mlangoni akashika fremu kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa giza, sakafu imelowa, tundu jeusi katikati, na wavulana wawili nyuma yetu wanagonga mlango wakidai tunawachelewesha. Alipiga kelele ambazo sijapata kuzisikia kwa mtoto yule. Siku ya pili aliniuma mkono. Siku ya tatu hakukubali hata kupita upande ule wa uwanja, akawa anazunguka jengo zima kufika getini. Zoezi la siku mbili lilituachia hofu iliyochukua miezi kuisha.

Kuna jambo jingine tulilokuwa tukilifanya bila kuliita jina. Tulimnyima maji. Watoto wenzake walipokunywa uji wa saa nne kikombe kizima, Bahati alipewa nusu, na kopo la maji liliwekwa juu ya kabati. Baadaye nilipozungumza na Mama Zawadi niligundua kwamba naye nyumbani alifanya vivyo hivyo: andazi kavu, chai funda mbili, basi, ili asilowe njiani. Nilipomgusia kwamba mtoto anahitaji kunywa, alinitazama, akasema, "Mwalimu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nguo nafua mimi, na maji ya ndoo nanunua mimi."

Sikuwa na jibu. Nikaomba siku kumi tu za kuandika.

## Siku kumi za kuandika

Chati yetu ilikuwa karatasi ya daftari kubwa iliyobandikwa nyuma ya mlango, ina safu tano: saa, haja gani, nyingi au kidogo, laini au ngumu, na alikuwa akifanya nini kabla yake. Mama alipewa karatasi yake nyumbani. Hasomi kwa urahisi, kwa hiyo tulikubaliana alama: duara kwa mkojo, mstari kwa haja kubwa, mstari mnene kama ni nyingi.

Mambo matatu yalijitokeza ambayo hatukuyategemea. La kwanza, mkojo. Tuliamini anavuja muda wote. Chati ilionyesha anakaa mkavu saa mbili au zaidi, kisha anakojoa kwa wingi, mara mbili tu kwa asubuhi nzima. Kibofu kinachoweza kushika saa mbili kinaweza kufundishwa.

La pili, haja kubwa. Shuleni alijichafua mara tatu au nne kwa siku, lakini kila mara ilikuwa kidogo, laini sana, kama alama ya kidole. Haja kamili hatukuiona hata mara moja kwa siku zote kumi. Karatasi ya mama ilikuwa na mistari minene miwili tu, na pembeni Zawadi alimsaidia kuandika neno moja: "analia".

La tatu lilikuwa ile michezo yake. Mara kadhaa kwa siku Bahati alikwenda nyuma ya mlango, akasimama kwa ncha za vidole, akakaza miguu na kuipishanisha, uso ukaiva. Tulikuwa tukicheka na kusema anacheza ngoma. Kwenye chati, dakika chache baada ya kila "ngoma", palikuwa na alama ya kuchafuka.

Nilimwonyesha nesi wa zahanati ya jirani, mama mtu mzima ambaye alikuja shuleni kwa ajili ya dawa za minyoo. Aliisoma chati amesimama, na hakumaliza ukurasa. "Mwalimu, mtoto huyu hajinyei. Mtoto huyu amefunga choo."

Alinieleza jambo ambalo baadaye daktari wa hospitali alilithibitisha, na ambalo naliandika kwa urefu kwa sababu nadhani ndilo linalopitwa na shule nyingi. Mtoto anapopata choo kigumu kikamuumiza, safari inayofuata anakizuia. Kusimama kwa vidole na kukaza miguu ni kuzuia. Hakuna anachosukuma pale. Kinyesi kikikaa ndani, utumbo unaendelea kunyonya maji yake, kinazidi kuwa kigumu na kikubwa. Sehemu ya mwisho ya utumbo inatanuka mpaka inapoteza ile hisia ya kumwambia mtu "sasa". Kisha choo laini kinachotoka juu kinapenya pembeni ya lile bonge na kuvuja kwenye nguo, na mtoto hana habari. Ukimwuliza kwa nini hukusema, unamwuliza jambo lisilomfikia. Kwa watoto wenye usonji kufunga choo ni jambo la mara kwa mara, kwa sababu wengi huchagua vyakula vichache sana na wengine hisia za mwili huwafikia kwa namna tofauti. Na sisi, tulipomnyima maji ili asilowe, tulikuwa tunalikaza lile bonge kwa mikono yetu.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza tuliufanya kabla hata ya hospitali: Zawadi haitwi tena. Mwenzangu aliuliza, kwa haki kabisa, nani basi atamsafisha. Nilijibu nitamsafisha mimi mpaka tupate mtu. Ilikuwa wiki tatu ngumu. Kila nilipotoka mwenzangu alibaki peke yake na watoto 13, na mmoja wao alikuwa mtoro wa kuruka ukuta. Lakini tuliona kwamba tukisubiri mbadala apatikane ndipo tumwachie Zawadi, mbadala hatapatikana kamwe, kwa sababu tatizo litaonekana limekwisha kutatuliwa.

Hospitali ya wilaya daktari alimpapasa tumbo, akagusa bonge upande wa kushoto chini. Alimwonyesha mama chati ya Bristol, ile yenye michoro ya aina saba za choo, na mama akaweka kidole kwenye ya kwanza bila kusita: vibonge vigumu kama vya mbuzi. Aliandikiwa dawa ya maji ya kulainisha choo. Daktari alisema maneno mawili muhimu. La kwanza tulilishika: siku za mwanzo atachafuka zaidi kuliko zamani, kwa hiyo abaki nyumbani mpaka tumbo lisafike. La pili, kwamba dawa itaendelea kwa miezi hata choo kikishakuwa kizuri, mama alilisikia na mimi nililisikia, na hakuna aliyeliandika.

Maji yakarudi. Kikombe cha uji kamili saa nne, kikombe cha maji akifika asubuhi, na kingine kabla ya kuondoka. Nyumbani papai, embe likiwepo, mchuzi uongezwe kwenye wali. Kumshawishi mama kumwongezea maji mtoto anayelowa kulihitaji makubaliano: kama nguo zitalowa shuleni, zitafuliwa shuleni. Tuliomba kaptula mbili za akiba kwenye kamati ya shule, za mpira kiunoni, zisizo na kishikizo wala zipu. Jambo dogo, lakini zile za sare zilikuwa na kishikizo ambacho hata mimi vidole viliteleza.

Kuhusu choo, Mwalimu Mkuu hakupinga. Alishangaa tu kuwa hakuna aliyewahi kuomba ufunguo. Madawati yalitolewa, tukachonga funguo tatu: moja kitengo, moja ofisini, moja kwa mama anayepika uji. Fundi seremala alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu, kikakaa juu ya tundu la choo, na tofali mbili mbele za kukanyagia. Hapa tulibishana. Mwenzangu alisema kuchuchumaa ndiyo namna nzuri ya kujisaidia na ndiyo iliyoko nyumbani, kwa nini tumfundishe kiti? Alikuwa na hoja. Nilichagua kiti kwa sababu moja: Bahati aliliogopa lile tundu, na kiti kililificha. Tofali zilikuwa za kuinua magoti yapande juu kidogo ya nyonga, karibu na kuchuchumaa. Miguu ikining'inia mtoto hana pa kujikazia.

Muda tuliufuata kwenye mwili wake, tukaachana na kengele. Chakula kikiingia tumboni, utumbo wa chini huamka; kwa watu wengi msukumo huo huja ndani ya nusu saa baada ya kula. Kwa hiyo akimaliza uji wa saa nne, dakika 15 baadaye anakwenda. Anakaa dakika tano, zisizidi kumi, hata asipofanya kitu. Foleni ya mapumziko imekwisha wakati huo, hakuna wa kugonga mlango. Mkojo alipelekwa akifika, na tena kabla ya kuondoka saa sita.

Wiki ya kwanza hakuna aliyemwomba akae. Alikwenda na mfuko wake wa vifuniko, akavizungusha kwenye sakafu kavu ya choo kile, akarudi darasani. Wiki ya pili alikaa na kaptula yake. Haja kubwa alikuwa amezoea kuifanya ndani ya pampasi na amesimama, kwa hiyo tulimruhusu akae kitini akiwa na pampasi, kisha tukaitoboa tundu chini, kila siku kubwa kidogo, mpaka ikabaki mkanda tu. Mwenzangu alinicheka na mkasi wangu. Kadi ya kuombea choo tulitumia picha ya kiti kile kile, iliyopigwa kwa simu na kuchapwa steshenari. Nilikuwa nimeanza na mchoro wa choo wa kwenye chati za kununua, akautazama kama anavyotazama mchoro wa tembo.

Nani amguse? Hili lilichukua kikao kizima cha kamati. Mjumbe mmoja alitaka iandikwe kwamba mwalimu wa kiume asimsafishe mtoto. Nilikataa, ingawa nilimwelewa. Hatari haichagui jinsia, na mtoto wa kiume akimzoea mwanamke peke yake, tutamwambia nini akifika miaka kumi na miwili? Tulikubaliana masharti ya wote: mlango usifungwe kwa ndani, bali pazia la kanga lishushwe, mtu mzima wa pili awe mahali anaposikia, Bahati aambiwe na kuonyeshwa kabla ya kuguswa, "sasa nakuvua", "sasa maji", kila tukio liandikwe kwenye chati na jina la aliyehudumia, na mwanafunzi yeyote, mkubwa au ndugu, asitumwe. Sharti la mwisho lilizua mguno, maana shuleni kwetu kumtuma mtoto mkubwa kumwangalia mdogo ni malezi mema, na kwa mambo mengi ni kweli. Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 zilitajwa kikaoni, lakini kilichowashawishi wajumbe ni madaftari ya Zawadi yaliyopitishwa mezani.

Mlezi alipatikana Aprili: mama mpishi wa uji mwenyewe, ambaye Bahati alikwisha kumzoea kwa sababu ya uji. Kamati iliahidi kumwongezea shilingi 30,000 kwa mwezi kutoka michango ya hiari ya wazazi.

## Matokeo

Siku tano za dawa nyumbani zilikuwa kama daktari alivyosema. Mama alinipigia simu usiku kusema mtoto anaharibikiwa. Siku ya sita alipiga tena, anacheka.

Aliporudi shule, kule kuvuja kidogo kidogo kulikoma ndani ya wiki mbili. Mwisho wa Aprili alikojoa kitini kwa mara ya kwanza, na alishtuka kwa sauti yake kuliko sisi. Mei, wiki ya tano tangu aione, alichukua kadi ukutani mwenyewe, akaniwekea mkononi, akaenda kusimama mlangoni. Kadi ya pili aliileta baada ya dakika kumi, hana haja, anataka tu kuona kama inafanya kazi.

Likizo ya Juni iliturudisha nyuma. Chupa ya dawa iliisha, choo kilikuwa kizuri, mama akaona mtoto amepona. Julai alifungua shule akiwa anasimama tena kwa vidole nyuma ya mlango. Safari hii tulimtambua siku ya kwanza, akarudi hospitali wiki hiyohiyo, na dawa ikaendelea mpaka Novemba ikipunguzwa taratibu na daktari.

Kufikia kufunga shule Desemba hali ilikuwa hivi: mkojo, ajali moja kwa wiki, wiki nyingine hakuna, haja kubwa, siku tatu kati ya tano kitini shuleni, zilizobaki nyumbani, pampasi haivaliwi mchana. Kuchamba bado alihitaji mkono wa mtu. Tangu Agosti mama alianza kumpeleka tena chuoni, yaani madrasa, alasiri, mara mbili kwa wiki. Alikuwa amemwachisha mwaka uliotangulia kwa kuona haya ya kunajisi mikeka, ingawa maalimu mwenyewe hakuwahi kumfukuza.

## Uchambuzi

Jambo lililofungua kila kitu lilikuwa karatasi nyuma ya mlango. Kabla yake tulikuwa na maelezo matatu ya Bahati: mkaidi, hajafundishwa nyumbani, usonji ndivyo ulivyo. Yote matatu yalitupa ruhusa ya kutofanya chochote. La tatu ndilo baya zaidi, kwa kuwa lina sura ya utaalamu. Mimi nilisomea elimu maalumu chuo cha ualimu Patandi, na ni mimi niliyelitumia kuliko wote. Mtoto mwenye usonji naye ana tumbo, na tumbo lake huuma kama la mwingine, ila hana maneno ya kukuambia. Leo nikipokea mtoto anayejichafua kidogo kidogo mara nyingi, swali la kwanza ni: haja kamili ilikuwa lini? Mzazi asipokumbuka, tayari amenijibu.

Maji nayo yana somo la peke yake. Kumnyima mtoto kinywaji kulitatua tatizo letu la asubuhi na kumzidishia yeye tatizo la mwezi mzima, na hakuna aliyekuwa mkatili. Mama alikuwa anahesabu ndoo, mimi nahesabu kaptula. Nisingempata kwa kumhubiria. Alikubali pale mzigo wa kufua ulipohama kutoka kwake.

Kwenye kiti mwenzangu alishinda nusu ya hoja. Bahati alijifunza kiti kile, chumba kile, baada ya uji ule. Nyumbani, kwenye choo cha kuchuchumaa, alikuwa kama hajawahi kufundishwa. Watoto wengi wenye usonji hujifunza jambo pamoja na mahali pake, na ukihamisha mahali unaanza upya. Tulipaswa kutengeneza viti viwili siku ileile. Cha nyumbani tulikitengeneza Julai, na siku za haja kubwa kitini nyumbani zilianza kuonekana kwenye karatasi ya mama mwezi uliofuata. Kuchuchumaa bado hatujafika.

Lile jaribio la Machi sina cha kulitetea. Nilimpeleka mtoto anayeumwa, kwenye mahali panapomtisha, wakati wa kelele, kwa ratiba ya saa yangu ya mkononi. Kama ningepewa kuchagua kosa moja la kulifuta katika kisa chote, ningefuta hilo, kwa kuwa hofu ile ilimfunga zaidi.

Dawa kuisha Juni ni uzembe wa kawaida sana, nao ulitokana na kutoandika sentensi moja. Sasa mtoto akitoka hospitali tunaandika kwenye jalada lake dawa inaisha lini na nani ataikumbusha, na likizo inatajwa kwa jina.

Malipo ya mlezi yalikatika Septemba. Michango ya hiari ilipungua, na aliendelea miezi mitatu bila kupewa kitu, kwa sababu ya huruma na kwa sababu ufunguo alikuwa nao yeye. Tulimtoa Zawadi kwenye kazi ya bure tukamweka mwanamke mwingine kwenye kazi ya bure. Afisa elimu maalumu wa halmashauri ameandikiwa barua mbili kuhusu nafasi ya mlezi kwenye kitengo. Nafasi bado ni ile ya kusubiri.

Na hatukumwuliza Zawadi. Tulimwondolea kazi kama tulivyompa, bila kumwambia neno. Wiki mbili za kwanza alikuja mwenyewe mapumziko, akachungulia dirishani, akadhani amekosea jambo. Novemba, baada ya upimaji, nilimwita nikamwambia pole. Akasema kilichomsumbua wala hakikuwa kumsafisha mdogo wake. Kilichomsumbua ni miguu. Kila aliposikia mtoto anakimbia kwenye varanda alijua anaitwa yeye, hata siku ambazo hakuitwa, na mwalimu akiwa anaeleza hesabu, yeye alikuwa anasikiliza miguu.

Januari Bahati aliingia darasa la kwanza. Tulikuwa tumepanga: kadi imepelekwa darasa jipya, mwalimu mpya ameonyeshwa chati, kaptula za akiba ziko kabatini. Siku ya kwanza, baada ya uji, nilisikia analia upande wa vyoo. Nikakuta kufuli jipya mlangoni. Mwalimu wa zamu alikuwa mgeni, amehamia wakati wa likizo, alikuta funguo zimezagaa akaona abadilishe kufuli kwa usalama wa mali ya shule. Ndani alikwisha kuweka dawati moja. Tulilitoa, Bahati akakaa kitini akiwa bado ana kwikwi, na mchana wa siku hiyo tukachonga funguo nyingine tatu.